Alan Turing na Swali la Mashine Yenye Akili

Tangu tarehe 30 Novemba 2022, siku ambayo kampuni ya OpenAI ya Marekani iliifungulia dunia mashine yake ya mazungumzo iitwayo ChatGPT, habari za mashine zenye akili hazijakoma magazetini wala redioni. Wako wanaodai kwamba mashine hizo zitamwondolea binadamu taabu zote, na wako wanaodai kwamba zitamwangamiza. Majeshi ya mataifa makubwa yanashindana kuzipata. Polisi wa nchi nyingi wamekwisha kuanza kuzitumia kutafutia wahalifu. Katika makelele hayo husahauliwa kwamba swali lenyewe, yaani kama mashine yaweza kufikiri, liliulizwa kwa utaratibu zaidi ya miaka 70 iliyopita na mtu aliyeijua mashine kwa kuitumia wakati wa vita, ambapo jibu lisilo sahihi lilikuwa na maana ya meli kuzama na watu kufa maji. Mtu huyo ni Alan Turing, Mwingereza. Kwa askari na polisi, historia yake ina faida kuliko porojo nyingi zinazosemwa leo.

Turing alizaliwa London tarehe 23 Juni 1912. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni nchini India. Alisoma hesabu katika Chuo Kikuu cha Cambridge, na mwaka 1936, kabla hajatimiza umri wa miaka 25, aliandika makala ambayo ndiyo msingi wa kompyuta zote. Siku hizo neno kompyuta, kwa Kiingereza, lilikuwa na maana ya mtu: karani aliyeajiriwa kupiga hesabu. Turing alijiuliza karani huyo hufanya nini hasa. Huitazama alama iliyo mbele yake, hukumbuka yuko katika hatua gani ya kazi, hufuata agizo linalohusu alama hiyo na hatua hiyo, huandika au hufuta, kisha husogea kwenye alama ya pili. Hana haja ya kujua kama hesabu hizo ni za mishahara au za shabaha ya mizinga.

Kazi ya namna hiyo, kwa maelezo ya Turing, yaweza kufanywa na mashine yenye utepe mrefu uliogawanywa vyumba vyumba pamoja na orodha ya maagizo. Kisha akaongeza jambo ambalo wengi hawakulitazamia. Maagizo yenyewe yaweza kuandikwa juu ya utepe ule ule, kama alama nyingine zozote. Kwa hiyo hakuna haja ya kuunda mashine moja ya mishahara, nyingine ya mizinga na nyingine ya ramani. Mashine moja tu, ikibadilishiwa maagizo, itafanya kazi zote hizo. Simu ya mkononi iliyomo mfukoni mwa koplo leo, ambayo ni redio, kamera, ramani na daftari kwa wakati mmoja, ni zao la wazo hilo.

Yafaa ikumbukwe pia kwamba makala ile ile ilithibitisha kuwa yako maswali ambayo hakuna mashine ya aina hiyo itakayoweza kuyajibu, hata ikipewa muda usio na mwisho. Wauzaji wa mashine hawapendi sana kuitaja sehemu hiyo.

Uingereza ilitangaza vita dhidi ya Ujerumani tarehe 3 Septemba 1939. Kesho yake Turing aliripoti kazini Bletchley Park, jumba lililoko kaskazini-magharibi ya London ambalo lilikuwa limegeuzwa kuwa makao ya idara ya kufumbua maandishi ya siri ya adui. Aliichagua kazi iliyokuwa ngumu kupita zote, maandishi ya jeshi la majini la Ujerumani. Uingereza ni kisiwa. Chakula, mafuta na silaha zake vilikuja kwa njia ya bahari, na nyambizi za Kijerumani, zikiongozwa kwa simu ya upepo kutoka makao yao makuu, ziliwinda misafara ya meli katika Atlantiki kwa makundi. Familia nyingi za Afrika Mashariki nazo zilipata kujua maana ya nyambizi. Tarehe 12 Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kuwapeleka askari Ceylon, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldivi, ikazama katika muda wa dakika chache. Watu 1,297 walikufa, wengi wao askari wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki.

Mashine ya Kijerumani ya kufumba maneno iliitwa Enigma. Kwa sura ilifanana na taipu. Askari wa mawasiliano alipobonyeza herufi moja, umeme ulipita katika ubao wa plagi na katika magurudumu matatu yenye nyaya ndani yake, na taa ya herufi nyingine ikawaka. Kila alipobonyeza, gurudumu lilizunguka hatua moja. Kwa hiyo herufi A iliyotoka M mara ya kwanza iliweza kutoka R mara ya pili. Aliyepokea taarifa hiyo, akiwa na mashine iliyopangwa vilevile, aliyarudisha maneno kama yalivyokuwa. Mpango wa mashine ulibadilishwa kila siku, na idadi ya mipango iliyowezekana ilizidi milioni 150 mara milioni mara milioni. Wajerumani waliamini kwamba hakuna binadamu awezaye kuijaribu mipango yote hiyo mmoja mmoja, na katika hilo hawakukosea.

Waliokuwa wa kwanza kuipenya Enigma si Waingereza. Walikuwa Wapolandi. Mwanahesabu Marian Rejewski aliigundua siri ya nyaya zake mwishoni mwa mwaka 1932, akaendelea na kazi pamoja na wenzake wawili, Jerzy Różycki na Henryk Zygalski. Julai 1939, wiki chache kabla nchi yao haijavamiwa, Wapolandi waliwakabidhi Waingereza na Wafaransa kila walichokijua. Kwa miaka mingi vitabu na sinema za Magharibi zimekuwa na uchoyo wa kulisema jambo hilo.

Mchango wa Turing ulikuwa wa kugeuza swali. Badala ya kutafuta mpango ulio sahihi, mashine itafute mipango isiyowezekana na kuitupa. Enigma ilikuwa na kasoro moja: kwa jinsi ilivyoundwa, herufi haikuweza kamwe kugeuka kuwa yenyewe. Tena Wajerumani, kama majeshi mengi, walipenda mazoea. Taarifa za hali ya hewa zilitumwa kila siku kwa maneno yale yale, na vyeo vya maofisa viliandikwa kwa ukamilifu. Mfumbuzi aliyekisia kwamba ndani ya taarifa kuna neno la Kijerumani la hali ya hewa aliliweka neno hilo chini ya maandishi ya siri, akalisogeza mpaka mahali ambapo hakuna herufi iliyokutana na herufi ya jina lake. Hapo ndipo dhana hiyo ilipopewa mashine.

Mashine hiyo iliitwa Bombe. Ya kwanza ilianza kazi Machi 1940, na mwanahesabu mwenzake, Gordon Welchman, aliiongezea nguvu kubwa kwa kubuni mpango mpya wa nyaya zake. Lilikuwa kabati kubwa lenye safu za ngoma zinazozunguka kwa kelele. Ilipitia mipango ya Enigma mmoja baada ya mwingine. Kila mpango ulioleta ukinzani, yaani uliotaka herufi moja iwe herufi mbili tofauti kwa wakati mmoja, ulikataliwa. Palipokosekana ukinzani, mashine ilisimama.

Kusimama huko hakukuwa jibu. Mara nyingi mashine ilisimama kwa bahati tu. Aliyekuwa zamu, ambaye kwa kawaida alikuwa msichana wa jeshi la majini aliyekesha katika chumba chenye joto na harufu ya mafuta, aliandika mahali iliposimama na kuipeleka habari hiyo kwa wakaguzi. Hao waliujaribu mpango huo katika mashine nyingine kuona kama kutatoka Kijerumani kinachosomeka. Kikitoka, taarifa za siku hiyo zilisomwa. Kisipotoka, ngoma zilianza kuzunguka tena. Bombe ilipunguza kazi ya maelfu ya miaka ikawa kazi ya saa chache, lakini haikupata kutamka kwamba jambo fulani ni kweli. Neno hilo lilibaki kinywani mwa watu.

Kwa askari wa mawasiliano, liko jambo jingine la kutia akilini. Enigma yenyewe ilikuwa imara, na mara nyingi iliponzwa na watu walioitumia. Mavis Lever, msichana aliyeacha masomo yake ya Kijerumani chuoni ili kutumika Bletchley Park, aliwahi kupokea taarifa ndefu ya jeshi la majini la Italia. Alipoitazama aliona kwamba haikuwa na herufi L hata moja. Kwa kuwa herufi haigeuki kuwa yenyewe, alitambua kilichotokea. Mtaliano mmoja, akiamriwa atume taarifa ya kujaribia mitambo, aliona uvivu kutunga maneno akaendelea kubonyeza L mpaka mwisho. Kwa uvivu huo Waingereza walipata njia ya kuzijua nyaya za gurudumu moja la mashine ya Wataliano.

Mombasa nayo iliona jambo la namna hiyo. Baada ya ndege za Kijapani kuushambulia mji wa Colombo tarehe 5 Aprili 1942, wafumbuzi wa Kiingereza waliokuwa huko, ambao walikuwa tawi la idara ile ile ya Bletchley Park, walihamishiwa Kilindini. Walikaa katika majengo ya shule ya Allidina Visram, mbele ya bahari. Mwaka huo huo waliyafumbua maandishi ya siri ya meli za biashara za Japani, na mlango waliopitia ulikuwa kosa la mpiga simu mmoja. Alikuwa amesahau kutaja mahali meli ilipo. Akaiandika taarifa yake upya, akaongeza mahali hapo, akaituma mara ya pili kwa ufunguo ule ule. Taarifa mbili zinazofanana zilipowekwa pamoja, fumbo lilifunguka. Haikuhitajiwa mashine kubwa. Wafumbuzi hao walirudi Colombo mwaka 1943.

Wala isidhaniwe kwamba ushindi wa Bletchley Park ulikuwa wa watu wa mezani peke yao. Februari 1942 nyambizi za Kijerumani katika Atlantiki ziliongezewa gurudumu la nne katika Enigma zao, na kwa muda wa miezi kumi wafumbuzi wakawa vipofu. Meli zilizama kwa wingi. Usiku wa tarehe 30 Oktoba 1942, katika bahari ya Mediterania, manowari iitwayo Petard iliilazimisha nyambizi U-559 kuibuka juu. Luteni Anthony Fasson na baharia Colin Grazier waliingia ndani ya nyambizi hiyo ilipokuwa ikizama, wakawa wanatoa vitabu vya siri na kumpa kijana wa kantini, Tommy Brown, aliyekuwa na umri wa miaka 16. Nyambizi ilizama pamoja na Fasson na Grazier. Kijana alisalimika, na vitabu vikasalimika. Kwa msaada wa vitabu hivyo taarifa za Atlantiki zilianza kusomwa tena Desemba ile.

Kuhusu Turing mwenyewe ziko hadithi nyingi, na moja itawafurahisha maofisa utumishi. Alijiunga na kikosi cha raia cha ulinzi, Home Guard, kwa sababu alitaka kujifunza kulenga shabaha. Alipokuwa hodari wa bunduki aliacha kuhudhuria gwaride. Akaitwa mbele ya ofisa na kuambiwa kwamba yuko chini ya sheria za kijeshi. Turing alijibu kwa upole kwamba hayuko. Fomu yake ilipotafutwa, ilionekana kwamba pale palipoulizwa kama anafahamu kuwa akijiunga atakuwa chini ya sheria hizo, alikuwa ameandika hapana. Aliyeipokea fomu alikuwa ameweka sahihi bila kuisoma.

Kwa wakubwa wake halisi hakuwa mzaha. Oktoba 1941, yeye na wenzake watatu waliruka ngazi zote za utawala wakamwandikia Waziri Mkuu, Winston Churchill, kueleza kwamba kazi inakwama kwa upungufu wa makarani na mafundi. Churchill aliamuru wapewe mara moja kila wanachotaka. Kufikia mwisho wa vita zilikuwako Bombe zaidi ya 200. Wengi humtaja Turing kuwa ndiye aliyeunda Colossus, kompyuta ya umeme iliyoanza kazi hapo mwaka 1944. Si kweli. Iliundwa na Tommy Flowers, fundi wa idara ya posta na simu, kwa ajili ya kufumbua mashine nyingine ya Wajerumani. Habari hizo zote zilifungwa kwa siri mpaka miaka ya 1970. Turing alipewa nishani ya O.B.E., na majirani zake hawakujua kwa kazi gani.

Baada ya vita aliichora kompyuta kwa ajili ya maabara ya serikali, kisha mwaka 1948 akahamia Chuo Kikuu cha Manchester, ambako mwezi Juni mwaka huo kompyuta ilikuwa imeendesha kwa mara ya kwanza programu iliyohifadhiwa ndani yake yenyewe. Oktoba 1950 alichapisha makala katika jarida la falsafa liitwalo Mind. Humo aliliweka kando swali la kama mashine hufikiri, kwa kuwa kila mtu hulielewa neno kufikiri kwa namna yake, akaweka mahali pake jaribio. Mwulizaji mmoja akae chumbani peke yake. Awaandikie maswali wawili asiowaona, mmoja mtu na mmoja mashine, nao wamjibu kwa maandishi. Mwulizaji akishindwa kutambua yupi ni mtu, kuna sababu gani ya kuinyima mashine sifa ya kufikiri? Alitabiri kwamba baada ya miaka 50 hivi, mwulizaji wa kawaida, akipewa dakika tano, hatakuwa na zaidi ya nafasi 70 katika 100 za kutambua sawasawa.

Katika makala hiyo alitoa pia wazo lililozaa matunda kuliko jaribio lenyewe. Kuunda akili ya mtu mzima ni kazi kubwa mno. Afadhali kuunda akili kama ya mtoto, isiyojua mengi, kisha kuipeleka shule, kuisifu inapopata na kuikemea inapokosa. Alikiri kwamba mwalimu wa mashine ya namna hiyo mara nyingi hatajua yanayopita ndani ya kichwa cha mwanafunzi wake. Na mwaka 1947, katika hotuba yake London, alikuwa amekwisha kusema neno ambalo lingefaa kubandikwa juu ya kila mtambo unaouzwa leo: mashine ikitakiwa isikosee kamwe, basi haiwezi wakati huo huo kuwa na akili. Kwa Turing, akili na kukosea vilikwenda pamoja. Yeye alilijua hilo kwa vitendo. Alikuwa ameandika maagizo ya kuiwezesha mashine kucheza sataranji, na kwa kuwa hapakuwa na kompyuta ya kuyatekeleza, mwaka 1952 aliyafuata kwa mkono, kwa penseli na karatasi, akitumia kama nusu saa kwa kila hatua. Mashine hiyo ya karatasi ilishindwa.

Januari mwaka huo wezi waliivunja nyumba yake. Alikwenda polisi mwenyewe kutoa taarifa. Katika maelezo yake wapelelezi waligundua kwamba alikuwa na uhusiano wa kimapenzi na mwanamume, jambo lililokuwa kosa la jinai nchini Uingereza kwa sheria ya mwaka 1885. Mlalamikaji akageuka mshtakiwa. Ili asifungwe, alikubali kudungwa homoni kwa muda wa mwaka mmoja. Ruhusa yake ya kushughulikia siri za serikali ilifutwa. Tarehe 7 Juni 1954 alikufa kwa sumu ya sianidi, akiwa na umri wa miaka 41. Uchunguzi rasmi ulitamka kwamba alijiua, ingawa wako wanaolitilia shaka neno hilo. Serikali ya Uingereza iliomba radhi mwaka 2009 kwa kinywa cha Waziri Mkuu Gordon Brown, msamaha wa kifalme ukatolewa mwaka 2013, na tangu 2021 picha yake imo katika noti ya pauni 50. Nchi iliyookolewa kwa akili yake ilichukua zaidi ya nusu karne kuyasema hayo.

Jina la akili bandia, ambayo siku hizi huitwa pia akili mnemba, lilibuniwa na John McCarthy na wenzake wa Marekani walipokuwa wakiomba fedha za mkutano uliofanyika katika chuo cha Dartmouth mwaka 1956. Walikuwa na matumaini makubwa mno. Njia waliyoishika wengi wao haikuwa ile ya mtoto wa Turing. Walitaka kumwandikia mashine kila kanuni ya kufikiri, kama kitabu cha amri za kudumu. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo cha M.I.T. alionyesha programu iliyoitwa Eliza, ambayo ilirudisha tu maneno ya mtu kwa mfumo wa swali. Alifadhaika kuona watu, akiwamo mwandishi muhtasi wake, wakiifungulia moyo. Mwaka 1973 ripoti ya Sir James Lighthill iliieleza serikali ya Uingereza kwamba ahadi zilizotolewa hazikutimizwa, na fedha zikapunguzwa. Mwaka 1997 kompyuta ya Deep Blue ilimshinda bingwa wa dunia wa sataranji, Garry Kasparov, kwa kupitia kama hatua milioni 200 kila nukta. Huo ulikuwa ushindi wa nguvu, wala hakuna aliyedai kwamba Deep Blue ilijua inacheza sataranji.

Mtoto wa Turing alirudi baadaye. Mwaka 2012 Geoffrey Hinton na wanafunzi wake wawili wa Toronto waliishinda kila mbinu nyingine ya kutambua picha kwa mashine iliyojifunza yenyewe kutokana na mifano zaidi ya milioni moja. Mashine za mazungumzo za leo ni wadogo zake. Husomeshwa maandishi mengi kuliko awezayo kuyasoma mtu katika maisha elfu, na zoezi lao ni moja: kukisia neno linalofuata. Zikikosea, namba zilizomo ndani yake hurekebishwa kidogo, tena na tena. Kisha watu huzisahihisha majibu. Zikiwa zimekomaa, huandika barua, hutafsiri lugha na hupiga hesabu. Lakini lililokadiriwa kuwa neno linalofaa si lazima liwe neno la kweli, na mashine hizo zaweza kutunga kesi isiyokuwako, au jina la mtu asiyezaliwa, kwa ufasaha ule ule zinaoutumia kusema kweli.

Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walilifanya jaribio la Turing kwa mazungumzo ya dakika tano. Mashine iliyotumiwa, ikiwa imeagizwa ijifanye mtu wa tabia fulani, ilidhaniwa kuwa ndiyo binadamu mara 73 katika 100. Utabiri wa mwaka 1950 ulichelewa kama miaka 25, kisha ukapitwa. Wengi walishangilia. Lakini jaribio hilo hupima kama mashine yaweza kupita kwa mtu. Halipimi kama isemayo ni kweli, wala kama yafaa kuaminiwa na mtu mwenye silaha mkononi. Bombe haikuweza kuzungumza hata neno moja, na maneno yake yalikaguliwa kila siku. Mashine ya leo huzungumza vizuri, na huo ndio mtego wake: mtu huona haya kumkagua msemaji hodari.

Usiku wa tarehe 26 Septemba 1983, Luteni Kanali Stanislav Petrov alikuwa zamu katika handaki la ulinzi wa anga la Muungano wa Kisovieti, karibu na Moscow. Kompyuta iliyopokea habari za setilaiti ilitangaza kwamba Marekani imerusha kombora la nyuklia, kisha makombora mengine manne, na ikaeleza kwamba uhakika wake ni wa juu. Amri zilimtaka atoe taarifa ya mashambulizi kwa wakubwa wake. Petrov alifikiri kwamba mtu anayeanza vita vya nyuklia haanzi na makombora matano, na kwamba mtambo wenyewe ni mpya. Rada za ardhini hazikuona kitu. Akatoa taarifa kwamba mtambo umekosea. Ilithibitika baadaye kwamba setilaiti ilidanganywa na mwanga wa jua juu ya mawingu. Petrov hakupewa nishani kwa kazi ya usiku ule. Alikaripiwa kwa kutokujaza kitabu cha zamu.

Polisi nao wana mfano wao. Januari 2020, katika jimbo la Michigan, Marekani, polisi wa mji wa Detroit walimkamata mwanamume mmoja mbele ya mkewe na watoto wake kwa tuhuma za kuiba saa dukani. Kompyuta ilikuwa imeilinganisha picha hafifu ya kamera ya duka na picha ya zamani ya leseni yake ya udereva. Alikaa mahabusu kama saa 30. Hakuwa yeye. Alilazwa ndani ingawa karatasi ya mashine ilipita mezani kwa zaidi ya mtu mmoja. Juni 2024, katika mapatano ya kuimaliza kesi yake, ilikubaliwa kwamba polisi wa mji huo hawatamkamata mtu kwa matokeo ya mashine ya sura peke yake, wala hawatamwita shahidi kwenye gwaride la utambuzi kwa sababu ya matokeo hayo bila ushahidi mwingine unaomhusisha mtuhumiwa na kosa.

Kwa upande wa silaha, mazungumzo ya kimataifa kuhusu mitambo inayochagua shabaha na kufyatua bila mtu yalianza Geneva mwaka 2014. Tarehe 22 Desemba 2023 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio la kulishughulikia jambo hilo kwa haraka. Nchi 152 ziliunga mkono, 4 zilipinga na 11 hazikupiga kura. Katibu Mkuu António Guterres alitaka mkataba uwe tayari ifikapo mwaka 2026. Ugomvi mkubwa wa wajumbe ni juu ya maana ya kusema kwamba mtu anaudhibiti mtambo: kama ni lazima awe ameiona shabaha na kuikubali yeye mwenyewe, au yatosha awe aliubonyeza mtambo huo uanze kazi saa nyingi kabla, mahali pengine, bila kujua utamkuta nani.